Kwotabeki mwenye mbio na kosa la mtu mmoja

Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga. Katika mpira wa Kimarekani kuna mbinu iliyobuniwa makusudi ili methali hiyo impate mtu mmoja: mlinzi wa kati wa timu pinzani. Akifuata huku, mpira unakwenda kule. Akibaki kule, mpira unapita huku. Akisita, amechelewa kote kuwili.

Mbinu hiyo ni chaguo la kukimbia au kupasi. Wengi wetu tumeiona bila kuitambua. Fainali ya ligi ya NFL, Super Bowl, huanza saa 8 na nusu usiku kwa saa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na anayeikuta kwenye runinga ya nyumba ya wageni huona msongamano wa miili tu. Lakini ndani ya msongamano ule kuna hesabu ambayo mtu wa biashara ataielewa upesi.

Kwanza misingi. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira inapewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, yaani zaidi kidogo ya mita 9. Ikifaulu, inapewa mengine 4, na safari inaendelea hadi mwisho wa uwanja, ambako kuvuka mstari na mpira ni pointi 6. Anayeongoza safari hiyo ni kwotabeki. Mpira ukirushwa nyuma kuanzisha mchezo, yeye ndiye anayeupokea na kuamua uende wapi.

Kwa desturi, uamuzi hufanywa kabla. Kocha anasema huu ni mchezo wa kukimbia, au huu ni wa kupasi, na wote 11 wanatekeleza. Ubaya wake ni kwamba mpinzani akibahatisha sawasawa, jaribio limepotea.

Mbinu hii inaahirisha uamuzi. Mfanyabiashara wa mahindi mwenye wanunuzi pande zote mbili za mpaka hafungi bei mapema. Anasubiri aone soko gani limepungukiwa, ndipo anageuza lori. Kwotabeki hufanya vivyo hivyo, ila yeye ana muda wa kupepesa jicho tu.

Mpira unapoanza, wazuiaji wote wanasukuma mbele kana kwamba ni mchezo wa kukimbia. Kwotabeki anaupeleka mpira tumboni mwa mkimbiaji wake, lakini hauachii. Macho yake yako kwa mlinzi wa kati, ambaye ameachwa makusudi bila mtu wa kumzuia. Mlinzi akipiga hatua mbele kumfuata mkimbiaji, nyuma yake pamebaki wazi. Kwotabeki anauchomoa mpira na kumpasia mpokeaji anayekatiza pale pale palipoachwa. Mlinzi akirudi nyuma kulinda pasi, mkimbiaji anaachiwa mpira na kupita penye upungufu wa mtu mmoja.

Sheria inabana mchezo huu. Katika NFL, wazuiaji hawaruhusiwi kuvuka zaidi ya yadi 1 kabla pasi ya mbele haijarushwa. Katika vyuo vikuu wanaruhusiwa yadi 3, na ndiyo maana mbinu hii ilistawi vyuoni kwanza. Kwotabeki wa NFL hana nafasi ya kufikiri mara mbili: akichelewa kurusha, wenzake watakuwa wameshavuka na timu itaadhibiwa.

Hadi hapo hakuna haja ya kwotabeki mwenye mbio. Nick Foles hakujulikana kwa kasi ya miguu, lakini aliitumia vizuri mbinu hii akiwa na Philadelphia Eagles, walioifunga New England 41–33 katika Super Bowl ya Februari 2018. Alichokuwa nacho ni jicho na mkono wa haraka.

Miguu inaongeza chaguo la tatu, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Kwotabeki wa kawaida akishaachia mpira, kazi yake imekwisha na walinzi wanaweza kumsahau. Kwotabeki anayekimbia hasahauliki. Mlinzi wa pembeni naye anaweza kuachwa bila kuzuiwa. Akimkimbilia mkimbiaji, kwotabeki anabaki na mpira na kuzunguka pale alipotoka. Kwa hiyo lazima mtu mmoja atengwe kumchunga, hata katika mchezo ambao hakusudii kukimbia kabisa. Mtu huyo amepunguzwa mahali pengine.

Hakuna aliyeionyesha nguvu hiyo kama Lamar Jackson. Baltimore Ravens walimchukua mwaka 2018 akiwa wa 32, wa mwisho katika duru ya kwanza, ingawa alikuwa ameshinda tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2016. Wapo waliomshauri aache ukwotabeki awe mpokeaji. Msimu wa 2019 alikimbia yadi 1,206 na kuivunja rekodi ya makwotabeki ya Michael Vick, yadi 1,039 za mwaka 2006. Alipiga pia pasi 36 za kufunga. Timu nzima ilikimbia yadi 3,296, rekodi ya ligi, na Jackson akachaguliwa mchezaji bora kwa kura zote.

Lakini Januari 2020 Ravens, walioshinda mechi 14 na kupoteza 2 tu, walitolewa na Tennessee Titans kwa 28–12. Titans walitangulia 14–0 na kuzima majaribio mawili ya nne ambayo Ravens walihitaji yadi 1 tu. Timu iliyoachwa nyuma huku saa ikienda haiwezi tena kumtisha mtu kwa kukimbia. Inajulikana itapasi. Jackson alirusha pasi 59 usiku ule. Chaguo lina thamani pale tu mwenzako anapoamini unaweza kuchagua.

Walinzi nao wamejifunza ujanja. Mmoja ni kubadilishana kazi: mlinzi wa pembeni anamkimbilia mkimbiaji, kwotabeki anaona njia nyeupe na kubaki na mpira, kumbe mlinzi wa kati ameshazunguka kumngoja pale pale. Alichokisoma kilikuwa maandishi ya kumdanganya. Ujanja mwingine ni kuwabana wapokeaji mtu kwa mtu, ili ile pasi ya haraka isipate pa kutua.

Gharama kubwa zaidi, hata hivyo, hulipwa na mwili. Mwaka 2012 Washington ilimchukua Robert Griffin wa Tatu kutoka Chuo Kikuu cha Baylor akiwa wa 2 katika uteuzi. Makocha walileta katika NFL michezo ya chaguo aliyoizoea chuoni, na walinzi wa ligi hawakuwa na jibu. Alikimbia yadi 815 na kutwaa tuzo ya mshambuliaji bora chipukizi, na Washington ikaongoza kundi lake kwa mara ya kwanza tangu 1999.

Mwezi Desemba mwaka huo, mpango wa pasi ulivurugika dhidi ya Baltimore. Griffin akaamua kukimbia, na akagongwa gotini. Alikosa mechi 1, akarudi. Tarehe 6 Januari 2013, dhidi ya Seattle, timu yake ilitangulia 14–0, lakini goti lilikuwa limeanza tena kumsumbua. Aliendelea kucheza akichechemea. Katika robo ya mwisho mpira uliletwa vibaya, akageuka kuuokota, na goti likakunjika chini yake. Washington ilifungwa 24–14. Griffin alifanyiwa upasuaji, na yule wa 2012 hakuonekana tena.

Wengi walihitimisha kwamba kwotabeki asikimbie. Kumbukumbu zenyewe hazisemi hivyo. Griffin hakuumizwa katika mbio zilizopangwa. Jackson naye hakumaliza msimu wa 2021 wala wa 2022 kwa majeraha, na mara zote mbili aliumia akiwa anatafuta kupasi. Anayekimbia kwa mpango anamwona anayekuja kumgonga, na sheria inamruhusu ajiteleze chini miguu mbele. Akifanya hivyo mchezo umekwisha na haruhusiwi kugongwa. Hatari kubwa iko pale anapokataa kukubali kwamba jaribio limeshindikana, akatafuta yadi moja zaidi au sekunde moja zaidi. Na hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kumbakiza uwanjani mtu ambaye mguu wake umeshasema basi.

Jalen Hurts wa Philadelphia ameonja pande zote mbili. Desemba 2022 aliumia bega, akakosa mechi 2, na Eagles wakafungwa zote. Alirudi akaipeleka timu Super Bowl ya Februari 2023. Alikimbia yadi 70 na kufunga mara 3 kwa miguu, lakini mpira mmoja ulimponyoka bila kuguswa na mtu, na Kansas City wakauokota na kufunga. Mechi ikaisha 38–35, tofauti ya pointi 3. Miaka 2 baadaye, tarehe 9 Februari 2025, timu hizo zilikutana tena mjini New Orleans. Hurts alikimbia yadi 72, Eagles wakashinda 40–22, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Kwetu huku mchezo huu bado mgeni, ingawa si mgeni kabisa. Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga, alijiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013. NFL ilileta kambi yake ya Afrika jijini Nairobi mwaka 2023. Na katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028 utachezwa mpira wa Kimarekani wa bendera, usio na kugongana, ambao hauhitaji kofia za chuma wala mavazi ya bei kubwa.

Siku ukikutana nao kwenye runinga usiku wa manane, usiufuate mpira. Mtazame mlinzi wa kati kabla mchezo haujaanza, kisha angalia hatua yake ya kwanza. Kwotabeki anatazama hapo hapo. Halafu, akiamua kukimbia mwenyewe, angalia kama anajua wakati wa kujiteleza chini. Hapo utajua kama utamwona tena wiki ijayo.