Neno "Anxious" na Maana Zake Mbili

Liko neno moja la Kiingereza liwasumbualo wanafunzi wengi, nalo ni "anxious". Halitamkwi kama liandikwavyo: herufi x hapa husikika kama k na sh pamoja, basi sema "ank-shas". Mwanafunzi alitafutapo katika kamusi huona "-enye wasiwasi", akafurahi, akafunga kitabu. Siku ya pili husoma katika hadithi kwamba kijana fulani alikuwa "anxious to see his father", naye hushangaa. Je, kijana huyu amwogopa baba yake? La, hamwogopi. Ana hamu kubwa ya kumwona. Imekuwaje basi neno moja libebe wasiwasi na hamu pamoja?

Tuanze na wasiwasi. Wasiwasi si hofu. Mtu akimwona nyoka njiani ana hofu, maana kitu cha kuogopwa ki mbele ya macho yake. Hapo Waingereza husema "afraid". Lakini mkulima wa Kibondo aliyekwisha kupanda mahindi na maharage, akawa anatazama mbingu kila asubuhi asione wingu, huyo ni "anxious". Bado hakuna kilichoharibika. Mvua yaweza kunyesha kesho, tena yaweza isinyeshe, na moyo wake wakaa katikati. Pasipo jambo lisilojulikana mwisho wake, neno hili halina kazi.

Waingereza walilipata neno lao katika Kilatini, nalo latokana na kitenzi ambacho maana yake ni kubana au kukaba, kama mtu akabwavyo koo. Neno letu "wasiwasi" latoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni mnong'ono, hasa ule wa Shetani anongonezaye moyoni mwa mtu. Mrumi alisikia mkono kooni. Mwarabu alisikia sauti ndani. Kwangu mimi Mwarabu ndiye aliyekaribia zaidi, maana wasiwasi husema sana usiku, wakati watu wengine wamelala.

Sasa jihadharini na kosa lililo la kawaida kuliko yote. Sisi husema "nina wasiwasi", yaani tunao, kama mtu awaye na mbuzi. Kwa hiyo mwanafunzi huandika "I have anxious". Si sawa. Kwa Kiingereza wasiwasi hauwi mali ya mtu, bali ni hali yake: "I am anxious." Ukitaka jina la hali yenyewe, ni "anxiety", na hapo matamshi yageuka yakawa "ang-zai-eti".

Tena neno hili huwekwa mbele ya jina, kama "an anxious mother", mama mwenye wasiwasi. Hata usiku waweza kuitwa hivyo: "an anxious night". Usiku wenyewe hauna moyo wa kuhangaika. Maana yake ni usiku ambao watu waliupitisha kwa wasiwasi.

Lakini maana yote ya neno hili imo katika kineno kidogo kilifuatacho. Kikiwa "about", ni wasiwasi juu ya jambo: "He is anxious about the rain." Usiandike "anxious of". Kikiwa "for", tazama lifuatalo. Likiwa ni mtu, ni kumhangaikia mtu huyo: "She is anxious for her son." Likiwa ni kitu, ni kukitaka sana: "We are anxious for news." Na kikiwa "to" pamoja na kitenzi, basi ni hamu ya kutenda: "I am anxious to learn."

Msiwacheke Waingereza kwa kuchanganya mambo hayo mawili, maana sisi nasi tumo. Neno "hamu" tulilipata kwa Waarabu, na kwao "hamm" ni hangaiko, mzigo wa moyo. Kwetu limekuwa kutamani. Njia ni ile ile moja: mtu atamaniye sana kitu huhangaika asije akakikosa.

Kwa sababu hiyo walimu wengine wa Kiingereza wamefundisha kwamba pasipo wasiwasi hata kidogo, usiandike "anxious to", bali andika "eager to". Kamusi hazikatazi, na Waingereza wametumia "anxious" kwa maana ya hamu tangu karne ya 18. Hata hivyo naiona kanuni hiyo kuwa njema kwa mwanafunzi. Mtoto akimbiliaye ndizi mbivu ni "eager". Mtoto angojaye jibu la mtihani ni "anxious".

Wala msidhani kwamba hayo ni mambo ya darasani tu. Katika wilaya ya Kibondo, kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwezi wa Oktoba mwaka 2015 ili ipokee wakimbizi wa Burundi, kwa kuwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mwezi wa Septemba mwaka 2017 ilianza misafara ya kuwarudisha kwao waliojiandikisha kurudi. Habari za wakimbizi zipelekwazo mbali huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza, lakini Mrundi husema Kirundi, na katikati yupo mkalimani. Tuseme mama mmoja aulizwa habari za kurudi, naye ajibu, "Ndafise ubwoba." Muha aliye karibu amwelewa mara moja, maana Kiha na Kirundi ni lugha ndugu: mama asema kwamba ana hofu. Mkalimani akiandika "She is anxious about returning", ameandika kweli. Akiandika "She is anxious to return", amesema kwamba mama ana hamu ya kurudi, tena upesi. Msomaji aliye Geneva hakuuona uso wa mama yule. Aona karatasi tu. Na mzee atamaniye kuliona tena shamba lake, akiandikiwa "about", huhesabiwa miongoni mwa wasiotaka kurudi.

Yuko pia mtu mwenye yote mawili, atamaniye kwao na kuhangaika juu ya yatakayomkuta huko. Kwa mtu wa namna hiyo mkalimani asichague. Aandike sentensi mbili.

Sasa twaeni madaftari, mwandike kwa Kiingereza sentensi hizi, mkitumia "anxious" katika kila moja: Baba ana wasiwasi juu ya safari. Tuna hamu ya kusikia habari za ndugu yetu aliyevuka Malagarasi. Mama amhangaikia mtoto wake. Ulikuwa usiku wa wasiwasi.