Kadi yenye chipu ofisini: nani ameingia kwa jina lako?

Ofisi nyingi hapa Mombasa zina neno la siri moja linalojulikana na watu sita. Limeandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi, ama limebandikwa ukutani karibu na kalenda. Mmoja akienda kuswali au kula, mwenzake hukaa kwenye kiti na kuendelea na kazi kwa jina lile lile. Twaona ni kusaidiana, na mara nyingi kweli ni kusaidiana. Taabu huja siku kitu kinapopotea.

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za ofisi, na kisa ambacho bado kinaniuma ni cha binti mmoja wa kampuni ya kliaringi. Rekodi zilionyesha kuwa hati ya mteja ilibadilishwa saa mbili kasorobo usiku kwa jina lake. Yeye alikuwa ametoka saa kumi na moja jioni na kupanda feri kurudi kwao Likoni. Lakini kompyuta haijui uso wa mtu. Inajua jina na neno la siri, na vyote viwili vilikuwa sahihi. Alisimamishwa, kisha akaachishwa kazi. Hakuna aliyeweza kuonyesha kuwa ni yeye, na yeye hakuwa na la kuonyesha kuwa si yeye.

Baadaye kampuni ile iliamua kuweka kadi zenye chipu, na tangu hapo nimeulizwa na wengi: kadi hizi hufanya nini hasa, na kuziweka ni kazi gani? Nitaeleza nikifuata mtandao wa Windows wenye Active Directory, kwa kuwa ndio ninaoukuta kwenye ofisi zenye seva yao wenyewe.

Tuanze na kadi. Ukiwa na laini ya simu, tayari unayo ndugu yake mfukoni. Ile chipu ya rangi ya dhahabu kwenye laini, na ile iliyo kwenye kadi ya benki, ni kompyuta ndogo kamili yenye kumbukumbu yake na hesabu zake. Ndani ya kadi ya ofisi kuna ufunguo wa siri, yaani namba ndefu mno iliyotengenezwa humo humo ndani ya chipu na isiyotoka. Huwezi kuinakili kwenye flashi wala kumtajia mwenzako kwa simu. Anayetaka kuitumia lazima awe na kadi mkononi na nambari ya siri kichwani. Akikosea nambari mara kadhaa, chipu hujifunga, kama vile laini inavyodai PUK.

Wanunuzi wawe macho hapa. Kadi ya kugusisha mlangoni yaweza kufanana na hii kwa sura, lakini nyingi za mlangoni hazifanyi lolote zaidi ya kutaja namba yao, na mwenye kifaa cha bei nafuu aweza kuinakili namba hiyo. Muuzaji akikwambia kadi yake ya mlango itafungua na kompyuta pia, muulize kama chipu yake yaweza kutengeneza ufunguo na kutia sahihi. Akianza kuzungumzia rangi na nembo, ondoka.

Unapochomeka kadi kwenye kisomaji, Windows hukuuliza nambari ya siri. Nambari hiyo haisafiri kwenye mtandao; inaishia kwenye kadi. Kompyuta huandaa ombi lenye saa ya wakati ule, kadi hulitia sahihi kwa ufunguo wake, kisha ombi hupelekwa kwenye seva pamoja na cheti chako cha kidijitali. Cheti ni kama kitambulisho: ni maneno ya mamlaka inayoaminika kwamba ufunguo huu ni wa fulani. Seva hukagua. Je, sahihi inalingana? Cheti kimetolewa na nani? Kimeisha muda? Kimefutwa? Ikiridhika, hutoa tiketi, na tiketi hiyo ndiyo inayokufungulia mafaili na printa, kwa kawaida kwa saa 10. Mfumo huu wa tiketi unaitwa Kerberos, ulizaliwa chuo cha MIT Marekani katika miaka ya 1980, na utaratibu wa kuutumia na vyeti ulichapishwa rasmi mwaka 2006. Kwa kuwa ombi lina saa ndani yake, kompyuta ambayo saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5 yaweza kukataliwa. Betri ndogo ya ndani ikifa, saa hurudi nyuma, na mtu huanza kuilaumu kadi.

Mabosi hudhani kuweka mfumo huu ni kununua kadi na visomaji. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko nyuma, kwenye hiyo mamlaka ya vyeti. Ofisi yahitaji seva inayotoa vyeti, na juu yake mamlaka mama ambayo, ikiwezekana, kompyuta yake huzimwa na kufungiwa kabatini isipokuwa siku ya kazi maalumu. Anayeishika mamlaka mama aweza kumtengenezea yeyote kitambulisho cha uongo ambacho seva zote zitakiamini.

Jambo linalosahaulika mno ni kwamba seva inayopokea watu nayo lazima iwe na cheti chake. Mtumishi anajithibitisha kwa seva, na seva inajithibitisha kwa mtumishi. Aidha, mamlaka iliyotoa vyeti lazima iandikwe kwenye orodha maalumu ya Active Directory ya mamlaka zinazoruhusiwa kutoa vyeti vya kuingilia. Mafundi wengi hupoteza siku nzima wakibadilisha kadi na visomaji, kumbe hitilafu iko kwenye mojawapo ya haya mawili.

Lipo na la karibuni. Mwezi Mei 2022 Microsoft ilitoa marekebisho baada ya kuonekana kuwa mtu aweza kuchezea majina na kuingia kwa cheti kama mtu mwingine. Tangu hapo cheti chatakiwa kifungwe na akaunti kwa alama isiyobadilika, si kwa jina tu. Muda wa hiari ulikwisha Septemba 2025. Ofisi yenye vyeti vya zamani vilivyotegemea jina peke yake ikisasisha seva zake, yaweza kukuta wafanyakazi wamefungiwa nje asubuhi ya Jumatatu.

Kisha kuna orodha ya vyeti vilivyofutwa. Kadi ikipotea, cheti chake hufutwa na kuingizwa kwenye orodha ambayo seva huisoma. Orodha hiyo ina tarehe ya mwisho. Kwa mpangilio wa kawaida wa Microsoft, orodha kamili hutolewa kila wiki na nyongeza yake kila siku. Seva ya vyeti ikizimika na orodha ikapita tarehe, seva haitakubali hata kadi nzima, maana haijui tena ipi imefutwa na ipi haijafutwa. Kwa hivyo weka mtu wa kuiangalia orodha hiyo, na uweke akaunti moja ya dharura yenye neno la siri refu ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu.

Kadi yenyewe nayo yaweza kuwa na ila. Estonia, mojawapo ya nchi zilizotangulia kuwapa raia wao vitambulisho vya chipu, ilisimamisha vyeti vya kadi karibu 760,000 mwezi Novemba 2017, baada ya watafiti kugundua kuwa chipu zile zilitengeneza funguo dhaifu. Serikali iliweza kuvibadilisha vyeti kwa njia ya mtandao kwa sababu utaratibu wa kubadilisha ulikuwepo. Ofisi yako ijiulize: siku tukiambiwa kadi zote hazifai, tutafanyaje?

Hata hivyo, kinachoharibu mfumo huu kuliko yote hakina utaalamu wowote. Kadi zinagawiwa, picha zinapigwa, na maneno ya siri ya zamani yanaachwa yakifanya kazi, "ili tusisumbuane". Basi kadi imekuwa pambo la shingoni. Kwenye akaunti ya kila mtu kuna kiboksi cha kulazimisha kadi. Lazima kiwekwe alama, na hapo seva yenyewe hubadilisha neno la siri kuwa kitu asichokijua mtu. Lazimisha pia kompyuta ijifunge kadi inapochomolewa. Mtu akienda kuswali, anaondoka na kadi yake, na kiti chake hakina faida kwa mwingine.

La pili nimelisikia kwa masikio yangu. Bosi mmoja, mtu mwema wallahi, aliniambia: "Fundi, niandikie nambari za siri za wote kwenye karatasi moja nizifungie." Nikamjibu: "Mzee, ukiwa nazo wewe, siku kukiharibika jambo kila mfanyakazi atasema ni wewe." Alinyamaza kidogo, akaiacha ile fikra. Mtu akisahau nambari, afisa wa kadi humfungulia na yeye mwenyewe huweka mpya. Na afisa huyo achaguliwe kwa makini, maana mwenye idhini ya kutoa kadi kwa niaba ya wengine aweza kujitolea kadi kwa jina la mkurugenzi. Wawe wawili, na kila kadi iandikwe kwenye daftari.

Ofisi ya watu watano isiyo na seva isijitie kwenye gharama hii. Kuna funguo ndogo za usalama za kuchomeka, mfano YubiKey, ambazo hulinda barua pepe na akaunti za mtandaoni bila kujenga mamlaka yoyote.

Kwa mfanyakazi, kadi ni ngao na ni mzigo. Rekodi sasa itasema kuwa kadi yako na nambari yako vilitumika, na hutaweza tena kusema kwamba kila mtu alilijua neno lako. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inamtia hatiani anayetoa kwa makusudi, bila idhini, neno la siri au njia nyingine ya kuingilia: faini hadi shilingi milioni 5, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Ukiombwa kadi na nambari "kwa dakika mbili tu", kataa kwa adabu.

Na ukiipoteza Ijumaa jioni, usingoje Jumatatu. Piga simu saa ile ile, kisha tuma ujumbe wa maandishi ili saa ibaki kwenye rekodi. Msimamizi naye asitegemee orodha ya vyeti vilivyofutwa, ambayo yaweza kuchukua siku kadhaa kufika kila mahali. Aizime akaunti kwanza, kisha afute cheti.