Lipime Kabla Halijawa Chuma Chakavu

Anayetaja Land Rover 109 ametaja kipimo, hata kama hakukusudia. Hiyo 109 ni inchi, na ndiyo umbali wa kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Zidisha kwa 25.4 unapata milimita 2,769, yaani mita mbili na sentimita 77 hivi. Ndugu yake mfupi aliitwa 88 kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayetengeneza magari ya mfano hapati gari rahisi zaidi ya hili kuanza nalo, maana kipimo anachokihitaji kuliko vyote kimo kwenye jina.

Gari lenyewe, watu wa Kibuta, Masaki au Maneromango hawahitaji kusimuliwa. Katika vijiji vya Kisarawe, ambako barabara ni mchanga kiangazi na tope masika, Land Rover ndiyo iliyobeba mgonjwa, bwana shamba na magunia ya korosho, wakati mwingine kwa safari moja. Ilipozinduliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu na chuma kikabaki kwenye chesesi. Ndiyo maana mpaka leo, chini ya miembe na mikorosho ya Pwani, unaweza kukuta bodi ya Land Rover imeshikilia umbo lake huku chesesi imeliwa na kutu, ukiigusa inamomonyoka kama biskuti. Na ndiyo maana pia magari haya yanatoweka. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na mizani yake, kilo ya aluminiamu ina bei kuliko kilo ya chuma. Kilicholiokoa gari na mvua ndicho kinacholipeleka kwenye tanuri.

Mapenzi ya magari ya zamani yana tatizo moja ambalo mashabiki hawapendi kuambiwa: kumbukumbu hukuza. Chukua Peugeot 404. Mzee akianza kulisimulia utadhani lilikuwa basi. Walipanda watu tisa, mbuzi wawili, na nafasi ikabaki. Sifa gari hilo linazo, tena za haki. Mbio za Safari za Afrika Mashariki zilianza mwaka 1953 zikiitwa Coronation Safari, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba tu, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 ushindi ukaja kwetu: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na msaidizi wake Chris Rothwell, walishinda kwa 404, na mwaka uliofuata wakashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudi kileleni, na safari hiyo pia waliomaliza walikuwa saba. Baada ya hapo nani angemshawishi mtu wa Afrika Mashariki kwamba kuna gari jingine?

Sasa lete futi. Peugeot 404 ina urefu wa mita 4.44 hivi na upana wa mita 1.62. Toyota IST ya mwanzo, kile kigari ambacho barabarani Dar es Salaam kila mtu anakiona kidogo, ina upana wa karibu mita 1.70. Jitu la kumbukumbu zetu ni jembamba kuliko IST, kwa sentimita saba hivi. Ukubwa wake tuliuona kwa macho ya utoto, tukauhifadhi hivyo. Hapo ndipo gari la mfano lililotengenezwa kwa vipimo linapopata kazi ya maana kuliko kupamba kabati: linairudisha kumbukumbu kwenye saizi yake.

Aliyesoma ramani shuleni anaijua skeli tayari. Ramani ya 1:50,000 ina maana sentimita moja ya karatasi ni sentimita 50,000 za ardhi. Gari la mfano la 1:43 nalo ni hivyo hivyo, milimita moja yake ni milimita 43 za gari halisi. 404 kwa skeli hiyo ina urefu wa milimita 103, inalala kiganjani. Kwa 1:18, skeli ya wenye kabati kubwa na mfuko mzito, inafika milimita 247. Kwa 1:64 inabaki milimita 69.

Watu huuliza kwa nini iwe 43, namba isiyogawanyika kwa chochote. Jibu liko kwenye reli. Kampuni ya Meccano ya Liverpool ilikuwa ikiuza treni za kuchezea za Hornby, ambazo kila futi moja ya treni halisi ilikuwa milimita saba. Gawanya milimita 304.8 za futi kwa saba, unapata 43.5. Kampuni hiyo ilipotaka magari madogo ya kusimama kando ya stesheni zake, ikayatengeneza kwa makadirio hayo, na kuanzia mwaka 1934 yakaitwa Dinky Toys. Wakusanyaji wa dunia nzima mpaka leo wanafuata kipimo kilichochaguliwa kwa ajili ya treni.

Wengine hawakufuata skeli yoyote. Matchbox, iliyoanzishwa na kampuni ya Lesney ya London mwaka 1953, ilifuata boksi. Binti wa fundi Jack Odell alikuwa akisoma shule iliyoruhusu watoto waje na kichezeo kinachoingia kwenye kibiriti tu, naye baba akamtengenezea. Kwa hiyo lori na gari dogo vilitoka urefu karibu sawa, na ukivipanga pamoja unapata barabara ya kichekesho. Corgi, Waingereza wengine, katika miaka ya 1960 walitoa Volkswagen ya mbio za Safari, na ndani ya boksi wakaweka na kifaru wa plastiki. Ni modeli nzuri, siikatai, lakini aliyewahi kusukuma gari wakati wa masika anajua kuwa mshindani wa madereva wale alikuwa tope.

Kwa mkusanyaji wa Pwani kuna jambo la kitaalamu ambalo wauzaji hawalitaji. Magari haya ya chuma hutengenezwa kwa zamaki, aloi yenye zinki kwa wingi, aluminiamu kama asilimia nne, na kiasi kidogo cha shaba na magnesiamu. Inapendwa viwandani kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi joto chini ya 400 na kujaza kila kona ya kalibu, hata mistari ya milango. Adui yake ni risasi. Chembe za risasi zikichanganyika humo wakati wa kuyeyusha, aloi huugua kutoka ndani: inavimba, inapasuka vijistari, mwishowe inabomoka mkononi. Ugonjwa huu hauna dawa, na unyevu na joto huuharakisha. Sisi wa ukanda huu tunavyo vyote viwili mwaka mzima. Ukinunua Dinky ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, kagua chini na kwenye rimu kwanza, hapo ndipo nyufa huanza. Ukishalinunua, liweke mahali pakavu penye hewa, mbali na dirisha, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe.

Lakini magari ya mfano ambayo watoto wengi wa Pwani wamekua nayo hayakutoka Liverpool wala London. Yalitoka kwenye waya, makopo, mabua ya mahindi na ndala zilizokatika. Ukilitazama gari la waya kwa karibu utaona fundi wake alijua anachofanya. Waya mnene unakuwa chesesi, mwembamba unafunga viungo, na pale panapohitaji kushikana bila kukaza sana anatumia ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ekseli ya mbele inazunguka kwenye msumari mmoja, na kutoka hapo kinapanda kijiti kirefu mpaka kifuani, juu yake usukani, mtoto anakimbia huku akikata kona kweli kweli. Kampuni nyingi kubwa zimeuza magari yasiyokata kona kabisa.

Kinachoyaharibia magari haya umbo mara nyingi ni magurudumu. Mtoto hutafuta magurudumu kwanza, kisha bodi anaikadiria kwa jicho, na jicho hulifupisha gari. Hapa hesabu ndogo inasaidia sana. Kifuniko cha chupa ya soda kina kipenyo cha milimita 32. Tairi la Land Rover la saizi 7.50-16 lina kipenyo cha sentimita 80 hivi. Gawanya 800 kwa 32, unapata 25. Kwa hiyo kijana wa Kibuta anayechomeka vifuniko vya soda kwenye Land Rover yake amekwisha kuchagua skeli ya 1:25, ile ile ambayo watengenezaji wa Marekani wameitumia kwa miongo mingi kwenye magari yao ya plastiki ya kuunganisha. Kilichobaki ni kuitii. Milimita 2,769 gawanya kwa 25 ni 111. Ekseli zake zikikaa sentimita 11 na milimita moja, kutoka kitovu hadi kitovu, gari litasimama sawasawa, na yeyote atakayelipita atalitambua kabla hajasoma kilichoandikwa. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa uwiano usiochosha, huo hapo.

Nikiwa kwenye skeli, neno moja kwa wanaopenda kulipaka gari lao vumbi na tope ili lifanane na la mbio. Msitumie mchanga. Punje ya milimita moja, kwenye gari la 1:43, ni jiwe la zaidi ya sentimita nne lililoganda kwenye boneti. Tafuta unga laini kabisa. Kaolini ya vilima vya Pugu, hapo hapo Kisarawe, ikichanganywa na rangi kidogo ya udongo, inafaa kuliko chochote cha dukani.

Jambo linalonikera ni kwamba magari yenye historia ya mkoa huu wa Pwani ndiyo yasiyo na mifano. Kibaha kuna Shirika la Nyumbu, ambako jeshi letu lilibuni na kujenga malori ya Kitanzania. Kibaha hiyo hiyo kilikuwapo kiwanda cha TAMCO kilichounganisha Scania. Sijawahi kuona modeli ya kiwandani ya Nyumbu, na sitarajii kuiona, kwa sababu kampuni za Ulaya na Asia hutengeneza kile ambacho wanunuzi wao wanakikumbuka. Tuchukue Ikarus kumbakumba, yale mabasi ya Hungary yanayokunjika katikati ambayo shirika la usafiri la UDA liliyatumia Dar es Salaam. Ikarus za mfano zipo, lakini zimepakwa rangi za miji ya Ulaya. Ya Dar es Salaam itatengenezwa na mtu wa huku au haitatengenezwa.

Wenzetu wa Nairobi wamekuwa na maonyesho yao ya magari ya zamani, Concours d'Elegance, tangu mwaka 1970, na tangu 2003 mbio za Safari za magari ya zamani zinafanyika tena kwenye barabara za vumbi. Kwetu, Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yamehifadhi magari yaliyobeba viongozi. Lililobeba korosho halina wa kulihifadhi. Hata sheria inaliona gari kuukuu kuwa kosa, kwani likiingizwa nchini ushuru wa uchakavu hupanda kadiri umri unavyopanda. Kuna sababu za msingi za ushuru huo, moshi na ajali zikiwamo, ila mwenye ndoto ya kuagiza 404 nzima kutoka nje ajue hesabu itakavyomkaba.

Kuhifadhi vipimo, kwa upande mwingine, hakutozwi chochote. Ukilikuta gari kuukuu, omba ruhusa kwa mwenyewe, kisha anza na umbali wa ekseli, kitovu hadi kitovu. Fuata upana, kimo, kipenyo cha tairi, na umbali wa kutoka ekseli ya mbele hadi kwenye bampa. Baadaye piga picha ya ubavuni. Watu wengi husogea karibu, wakapata gari lililovimba tumbo. Rudi nyuma hatua thelathini au zaidi, chuchumaa mpaka simu iwe kwenye kimo cha nusu ya gari, ukiwa mkabala na katikati yake, kisha vuta picha kwa zumu. Simamisha kando ya gari fimbo yenye urefu wa mita moja ili iwe shahidi. Piga na ya mbele, ya nyuma, ndani, na ya maandishi yote yaliyobaki mlangoni.

Picha ile ya ubavuni ukiichapisha steshenari, mwambie kijana aivute mpaka umbali wa ekseli ufike milimita 111 kwenye karatasi. Tayari una mchoro kamili wa Land Rover 109 kwa 1:25. Kila dirisha, kila bawaba, unaipima moja kwa moja kwa rula, na unaweza kukata bati la kopo juu yake. Vipimo hivyo hivyo akipewa fundi mwenye printa ya 3D, atatoa bodi bila kuliona gari.

Basi wewe mwenye baba mdogo, babu au jirani ambaye Bedford, Land Rover au 404 yake imelala uani Kisarawe, Kibaha au kokote, nenda na futi, daftari na simu Jumapili hii. Mwambie mwenye gari akusimulie lilinunuliwa lini na lilikuwa likibeba nini, uandike pembeni ya vipimo. Mwenye mizani naye yuko njiani.