Mpango wa Kawi: Kutoka Bwawa la Gogo hadi Mekoni

Mwaka 2020, Kenya iliahidi kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani kwa asilimia 32 kufikia mwaka 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua yoyote. Miongoni mwa nguzo za ahadi hiyo ni kawi jadidifu na matumizi bora ya kawi.

Nguzo ya kwanza si ngeni Migori. Bwawa la Gogo katika Mto Kuja, lenye uwezo wa megawati 2, lilijengwa miaka ya 1950 kuhudumia machimbo ya Macalder. Aidha, zaidi ya robo tatu ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua.

Hivyo basi, kazi iliyosalia haiko mitamboni pekee, bali pia mekoni na ziwani. Huko Homa Bay, mvuvi wa omena anayetegemea karabai hununua mafuta ya taa kabla ya kujua atavua nini. Taa ya sola humwondolea gharama hiyo pamoja na moshi. Jiko lililoboreshwa nalo hupunguza kuni.

Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka kaunti ziandae mipango yao. Mpango usiomfikia mpishi na mvuvi utabaki kuwa takwimu tu.