Je, Wajua? Milimita 67 Zinazopandisha Gharama ya Mizigo

Reli za Tanzania zina geji tatu, yaani vipimo vitatu vya umbali kati ya vyuma viwili vya njia ya treni: Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000, TAZARA, iendayo kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina milimita 1,067, na reli ya kisasa ina 1,435. Kwa kuwa behewa la geji moja haliwezi kupita kwenye nyingine, shehena inayobadili njia, kama vile kati ya Reli ya Kati na TAZARA, zinazotofautiana kwa milimita 67 tu, huko Kidatu mkoani Morogoro, hulazimika kufaulishwa, yaani kuhamishiwa behewa jingine, na kila ufaulishaji huongeza muda, malipo ya upakiaji na hatari ya uharibifu, gharama ambazo hatimaye humwangukia mnunuzi.