Kufuta Umbo Bila Kuua Vekta

Dizaina anachora duara jekundu, anaweka nyota juu yake, kisha anaipa nyota amri ya kufuta. Kwenye skrini kazi inapendeza: duara lenye tundu la nyota. Anatoa faili kama PDF na kuipeleka kwa fundi wa stika, lakini mashine ya kukata haioni pa kupita. Kisu chake hufuata mistari ya vekta, na mistari hiyo imekwisha kugeuka pikseli.

Mashine haina lawama; tatizo liko katika PDF. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walichapisha hesabu za kupachika picha juu ya picha, wakaeleza njia 12 za kuunganisha tabaka mbili. Mojawapo huondoa tabaka la chini popote lilipofunikwa na la juu, na huko ndiko kufuta tunakokutumia leo katika programu kama Affinity Designer. Lakini PDF ilipoanza kukubali rangi zinazopitisha mwanga, katika toleo la 1.4 la mwaka 2001, ilipewa namna 16 za kuchanganya rangi, na kufuta hakumo. Programu isipopata amri inayolingana, huigeuza sehemu ile kuwa picha. Ukurasa wa A4 wenye nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508. Uutanue hadi upana wa mita 3 kwa ajili ya bango, zitabaki nukta 21 hivi kwa kila inchi, na kingo za nyota zitaonekana ngazi ngazi.

Dawa ni kukata badala ya kufuta. Amri ya kutoa umbo moja ndani ya jingine hutafuta mahali mistari miwili inapokutana, kisha huunda mpaka mpya. Hesabu yake si ndogo: mistari miwili iliyopinda ya aina aliyoieneza Pierre Bézier, mhandisi wa Renault, inaweza kukatana mara 9. Nyota ikiwa yote ndani ya duara, mpaka wake huhifadhiwa pamoja na ule wa duara kama umbo moja. Kompyuta inajuaje kwamba katikati ni pa wazi? Kwa kanuni moja inayopendeza sana: piga mstari kutoka nukta yoyote kwenda nje, uhesabu mipaka inayovukwa. Idadi ikiwa witiri, paka rangi. Ikiwa shufwa, acha. Herufi O nayo ina mipaka miwili kama hiyo, mmoja ndani ya mwingine.

Ukitaka kuendelea kuisogeza nyota, katika Affinity shikilia Alt, au Option kwenye Mac, unapobonyeza amri ya kutoa; maumbo yote mawili yatabaki hai. Mstari mnene au maandishi ndiyo yanayofuta? Yageuze kwanza yawe maumbo.

Ukungu (blur) ndio mgumu. Kingo zinazofifia taratibu zinaweza kubaki vekta kwa maski yenye mpito wa rangi, kwa sababu PDF huuhifadhi mpito huo kama hesabu. Ukungu wenyewe hauna amri katika PDF, kwa hiyo lazima uwe pikseli. Hapo mimi huutenga katika tabaka lake, usiguse maandishi wala nembo, kisha naikuza PDF hadi asilimia 6400 na kukagua kila ukingo kabla faili haijaenda kiwandani.