Ploti za Kitengela na hilo neno "ardhi tupu"



Wengi wetu huku ughaibuni tunanunua ploti Kitengela, na maneno ya dalali ni yale yale: ardhi tupu, karibu na Nairobi. Naomba tulitazame hilo neno "tupu".

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wake wa kusini uliachwa bila ua kwa sababu maalumu. Kiangazi, nyumbu na punda milia huingia mbugani kufuata maji. Mvua zikinyesha hutoka kwenda kuzaa kwenye nyanda za Athi na Kaputiei, penye nyasi fupi zenye lishe. Sasa nyanda hizo ni mashamba ya watu, wengi wao Wamaasai waliogawana ardhi ya pamoja miaka ya 1980, kila mtu na hati yake.

Hapo ndipo penye kazi. Nyasi haziuawi na jembe peke yake, hata seng'enge inaziua. Ploti moja yenye ua haina neno, lakini zikifika mia zinafunga njia yote. Nyumbu waliokuwa makumi ya maelfu miaka ya 1970, kufikia 2011 walibaki elfu chache tu. Mfugaji naye, ukame ukija, hana pa kuhamishia ng'ombe.

Dawa ilishajaribiwa. Kuanzia mwaka 2000, mwenye shamba aliyekubali kutoweka ua, kutolima wala kuchimba mawe alilipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, kwa awamu tatu, majira ya karo. Watu waliupenda mpango huo, ila ulitegemea wafadhili. Fedha zilipokwisha, malipo yakasimama. Na shilingi 300 itashindana vipi na bei ya ploti?

Kwa maoni yangu, kinachodumu ni sharti linaloshikamana na ardhi yenyewe. Sheria ya Mazingira ya 1999 na ile ya Wanyamapori ya 2013 zote zinaruhusu shamba liwekewe masharti ya hifadhi, huku mwenyewe akibaki na hati yake na kuendelea kuchunga.

Basi ndugu yangu, kabla hujatuma pesa, uliza kama ploti iko kwenye njia ya wanyama. Kama umeshanunua, zungushia ua nyumba tu, uwanja uliobaki uache wazi, na uelewane na majirani nao wafanye hivyo. Wanasheria mlio humu, tusaidieni: masharti hayo yanaandikishwaje kwa gharama ambayo mfugaji ataimudu?